Ndoo ya Pili ya Anatolia

Kijijini kwetu, upande wa Muleba unaoteremkia ziwani, watu waliijua askrimu kabla hawajaujua umeme, na sababu ilikuwa mama yangu. Jina lake la ubatizo lilikuwa Anatolia, lakini wengi walimwita Muka Kagaruki, mke wa Kagaruki, kama ilivyo heshima ya kwetu. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, na alipoulizwa kwa nini alicheka tu.

Alizaliwa Kahororo. Alipotimiza miaka kumi na minne alipelekwa kufanya kazi jikoni kwa familia ya Wagoa mjini Bukoba, katika nyumba moja ya mawe upande wa Bilele. Mama wa nyumba ile, Bibi Karolina, alikuwa na mashine ya askrimu iliyokuja kwa meli: pipa dogo la mbao, tuliloliita ndoo, ndani yake mkebe mrefu wa bati, ndani ya mkebe ubao wa kukorogea, na juu mkono wa chuma wa kuzungushia. Barafu iliyopondwa huchanganywa na chumvi ya mawe, ikajazwa kati ya pipa na mkebe. Maziwa hukaa ndani ya mkebe. Mtu huketi akazungusha na kuzungusha mpaka mkono wa chuma ugome, hapo ndipo anajua maziwa yameganda. Siku nchi ilipopata Uhuru, mimi nikiwa bado tumboni mwake, Mama alizungusha tangu asubuhi hadi saa nane mchana, na majirani wa Bilele na Bakoba, Waislamu kwa Wakristo, wakapanga mstari barazani kila mtu na kikombe chake.

Mwaka 1972 Bibi Karolina na watu wake walifunga mizigo, wakaondoka. Mashine walimwachia Mama. Baba, aliyekuwa dereva wa lori la kahawa, aliipakia juu ya magunia pamoja na vitanda vyetu, tukahamia Muleba kwenye kibanja, shamba la migomba, alichorithi kwa baba yake.

Halafu sukari ikaanza kupotea. Kwanza ilikosekana wiki moja, kisha mwezi. Katika duka la kijiji ilipofika, kila kaya ilipimiwa robo kilo, na mara nyingine hiyo robo ilikuwa habari tu, hakuna aliyeiona. Watu walikunywa chai kwa kipande cha muwa mkononi. Mama alijaribu asali, lakini asali tuliyoipata ilinuka moshi wa kufukuzia nyuki, na maziwa yakanuka moshi. Ndipo akageukia ndizi.

Kila Mhaya anajua kwamba ndizi za pombe zikiivishwa vizuri, zikamenywa na kukamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, hutoa maji matamu. Huongezwa maji ya kawaida kidogo, yakachujwa. Ukiyaacha yachachuke yanakuwa rubisi, pombe yetu. Mama aliyachukua kabla hayajachachuka, tunayaita omuramba, akayamimina kwenye sufuria kubwa na kuyachemsha tangu umande mpaka jua la utosi. Debe zima lilibaki jagi moja, zito, jeusi kama lami, tamu mpaka meno yanauma. Alilichanganya na maziwa yaliyochemka na viini vya mayai. Askrimu ilitoka na rangi ya udongo, ikiwa na harufu ya ndizi iliyoungua kidogo, na wageni waliofika kutoka mjini walisema hawajawahi kuonja kitu kama kile.

Alikuwa na sharti moja alilofundishwa na Bibi Karolina: chochote kinachoingia ndani ya mkebe lazima kipite motoni kwanza. Baridi haisafishi kitu. Sharti hilo alilishika miaka yote, na alilivunja mara moja tu.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa sita, mwaka 1978. Katekista wetu, Mzee Philbert, alitimiza miaka ishirini na mitano ya kufundisha dini, na kijiji kizima kilimwandalia sherehe. Baba alileta barafu kutoka Bukoba, mabonge manne ndani ya magunia yaliyojazwa maganda ya kahawa ili isiyeyuke njiani. Jirani yetu Klaudia alikamua ndizi tangu alfajiri. Mama alichemsha, akapoza, akazungusha. Kabla ya kugawa alionja mwenyewe mbele ya watu, kwa sababu kwetu mwenye nyumba asiyeonja kwanza anajitafutia jina baya.

Ndoo ya kwanza ilikwisha upesi. Watu walikuja kutoka vijiji ambavyo hatukuvialika. Sisi wanakwaya tulikuwa kumi na mmoja, na tulikuwa tumeimba tangu misa mpaka alasiri, kwa hiyo tulipofika jikoni tulikuta mkebe unakwanguliwa.

"Muka Kagaruki," Mzee Philbert akamwambia Mama, "umewasahau hawa? Mwanao mwenyewe yumo."

"Waitu, mzee wangu, sukari yangu ya ndizi imekwisha," Mama akasema. "Kuchemsha nyingine ni nusu siku, na barafu ndiyo hiyo inaondoka."

"Basi hata isiyo tamu sana. Wameimba vizuri."

Pembeni kulikuwa na mtungi wa omuramba ambao Klaudia alikuwa ameukamua asubuhi ukabaki. Nilimwona Mama akiutazama. Vidole vyake viligonga ukingo wa sufuria. Kisha akautwaa, akamimina ndani ya maziwa bila kuupitisha motoni, akafunga mkebe na kuanza kuzungusha. Alionja hiyo nayo. Tukala. Haikuwa tamu kama ya kwanza na ilikuwa na ukakasi kidogo, lakini tulikuwa na kiu, jua lilikuwa kali. Mimi nilikula vikombe viwili. Kokubanza, aliyesimama karibu yangu katika sauti ya pili na ambaye alikuwa ameolewa mwaka uliopita, alikula vitatu. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alisema mtoto ndiye anayeomba.

Kesho yake Baba aliondoka na lori kurudi Bukoba. Saa nne hivi za asubuhi tukasikia pikipiki. Alikuwa Muhidini, bwana afya, kijana wa mjini aliyezoea kutembelea vyoo vyetu na kutukemea kwa utani. Siku hiyo hakutania. Alisimama kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, akangoja watu wakusanyike.

"Kipindupindu kimeingia kambi ya wavuvi hapo chini," alisema. "Watu watatu wamekwisha kufa. Kuanzia sasa hakuna sherehe, hakuna ngoma, hakuna pombe ya kukusanyika, hakuna matanga ya siku nyingi. Maji yote yachemshwe. Barabara ya Bukoba imewekwa kizuizi, hakuna anayeingia wala kutoka mpaka tutakapoambiwa."

Mtu aliuliza ugonjwa unachukua muda gani.

"Ukiingia mwilini, unaweza kukuangusha baada ya saa chache, au siku moja, au mbili. Mwisho siku tano. Mtu anaharisha kama maji ya mchele, anatapika, anakauka. Asipowahiwa anaweza kufa siku hiyohiyo."

Nilikuwa nimesimama na Mama. Alipenya kati ya watu mpaka mbele. Yeye, asiyependa kusema mkutanoni, akainua mkono.

"Bwana afya, na kitu kikigandishwa? Wale wadudu wanakufa kwa barafu?"

"Hapana, mama. Barafu inawalaza tu. Kinachowaua ni moto."

Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa swali la kawaida. Tulirudi nyumbani. Nilikuwa nimeuona ule mtungi, lakini sikuuhusisha na ugonjwa. Niliyokuja kuyajua kuhusu siku zile aliniambia mwenyewe baadaye, mengine siku zilezile njiani, mengine alipokwisha kuwa mzee.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kwa Klaudia. Alimkuta anatwanga. Alimuuliza, kana kwamba ni jambo la kupita, maji aliyochanganya kwenye ndizi aliyateka wapi. Kijiji chetu kilikuwa na sehemu mbili za maji: chemchemi ya juu, safi, inayotoka kwenye mawe, na kijito cha chini kinachopita karibu na njia ya wavuvi.

"Kijitoni," Klaudia akasema. "Chemchemi ilikuwa imejaa watu, wote wanateka ya sherehe. Kwani vipi?"

"Hapana, nauliza tu."

Aliniambia kwamba alipotoka pale miguu yake haikuijua njia. Aliona migomba, aliona nyumba yetu, lakini alisimama katikati ya shamba akashika mgomba kama mtu mwenye kizunguzungu. Watu kumi na mmoja. Aliwataja mmoja mmoja kwa majina, na jina langu lilikuwa katikati. Na yeye mwenyewe wa kumi na mbili, lakini huyo hakumhesabu.

Hofu yake ilikuwa ya aina mbili, na zilikuwa zikipigana ndani yake. Aliogopa tusije tukafa. Aliogopa pia atakavyoitwa. Kwa Wahaya, mtu akifa baada ya kula kwako, hakuna anayeuliza habari za vijidudu. Neno omurogo, mchawi, linatamkwa kwa sauti ya chini kwanza, halafu kwa sauti ya juu, halafu nyumba inachomwa. Alikuwa ameona nyumba moja ikichomwa Kahororo akiwa mtoto. Alikuwa bado anaikumbuka harufu ya kahawa mbichi iliyoungua pamoja na paa.

Hiyo Jumatatu mchana balozi wa nyumba kumi alipita na daftari, akiulizia nani alikula nini na wapi siku tatu zilizopita.

"Sherehe ya katekista," Mama akajibu. "Tulikula ndizi na nyama."

"Na askrimu yako?"

"Na askrimu."

"Ilichemshwa?"

"Mimi huchemsha kila kitu. Kila mtu anajua."

Balozi aliandika, akaenda. Mama alibaki ameshika fremu ya mlango. Hakuwa amezoea kusema uongo.

Siku ya Jumanne alianza kuzunguka. Hakuweza kwenda nyumba kwa nyumba akiuliza kama watu wanaharisha, kwa hiyo alitunga sababu. Alisema amepoteza kijiko. Kijiko cha fedha alichopewa na Bibi Karolina, eti kilichukuliwa kwa bahati mbaya na mmoja wa wanakwaya. Akapanda na kushuka vilima, akibisha hodi, akiuliza kijiko, huku macho yake yakimpima mtu kuanzia midomo mpaka vidole. Alikuwa amemsikia bwana afya akisema kwamba ngozi ya mgonjwa ukiifinya hubaki imesimama. Basi alikuwa anawasalimia watu kwa kuwashika mkono kwa mikono yake yote miwili, na kwa siri anawafinya nyuma ya kiganja.

"Muka Kagaruki, kijiko kimoja tu?" mwanakwaya mmoja akamcheka. "Na ugonjwa huu umejaa?"

"Ni kumbukumbu," akasema.

Jioni alirudi akiwa amewaona wanane, wote wazima. Aliketi karibu na moto akaniita, akanishika mkono, akanifinya.

"Maawe, unaniumiza."

"Umekwenda chooni leo?"

"Mara moja."

"Ilikuwaje?"

Niliona aibu, nikacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama mpaka kicheko kikanikauka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, bila kujua ninaogopa nini. Alinifanya ninywe maji ya moto yenye chumvi. Usiku mzima nilisikia kitanda chake kikilia. Asubuhi ya Jumatano, kabla sijafumbua macho, nilihisi kiganja chake juu ya tumbo langu, kizito na baridi, kikisikiliza.

Walibaki wawili ambao hakuwa amewaona. Mmoja aliishi ng'ambo ya bonde, akamkuta anapalilia, mzima. Wa mwisho alikuwa Kokubanza.

Nilikwenda naye, maana hakutaka niwe mbali na macho yake. Tulipokaribia nyumba ya Kokubanza tuliona mlango umefungwa, na moshi wa asubuhi haukuwapo. Nathanieli, mume wake, alikuwa amesimama nyuma ya nyumba na panga mkononi, anakata majani ya migomba na kuyarundika. Kulikuwa na harufu. Sijui niieleze vipi: haikuwa ya kinyesi hasa, ilikuwa kama ya samaki mbichi, nyepesi, na ilitoka chini ya mlango.

"Hodi waitu," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Msiingie," Nathanieli akasema bila kugeuka. "Mke wangu anaumwa. Tumbo tangu alfajiri. Nimekwisha kutandika majani mara nne."

"Umemwambia bwana afya?"

"Nikimwambia watamchukua. Waliochukuliwa kambini hawajarudi hata mmoja."

Mama alisimama.  Angeweza kugeuka. Aliniambia hivyo wazi: alifikiri kugeuka. Alifikiri kunishika mkono, kufunga nguo mbili, kushuka kwa njia za ng'ombe mpaka Kahororo kwa ndugu zake. Hakuna aliyeunganisha mtungi ule na kijito isipokuwa yeye. Hata Klaudia hakujua.

"Nathanieli," akasema. "Askrimu ile ya Jumapili, ya kwaya. Sikuichemsha. Ilikuwa na maji ya kijitoni."

Nathanieli aligeuka. Alikuwa mtu mpole, fundi wa kutengeneza viti, sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alilitazama lile panga kana kwamba limeletwa mkononi mwake na mtu mwingine.

"Umemlisha nini mke wangu?" akasema polepole.

Mimi nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Mama hakurudi nyuma. Alisogea mbele hatua moja.

"Nimekwambia nilichomlisha. Utanifanya utakavyo baadaye. Sasa hivi tumbebe, Nathanieli. Akikaa hapa mpaka jioni tunamzika."

 Nathanieli akalitupa panga kwenye majani na kuingia ndani.

Kokubanza alikuwa amelala sakafuni. Sikumtambua. Macho yalikuwa yamezama, midomo imepasuka, vidole vimekunjana kama vya bibi kizee aliyefua kutwa. Siku tatu tu zilizopita alikuwa anaimba karibu yangu. Tumbo lake la mimba peke yake ndilo lililobaki na umbo la mtu mwenye afya. Mama alimfinya mkono, na ngozi ikabaki imesimama, kama kitambaa.

Tulitengeneza machela kwa miti miwili na blanketi. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili, juu ya kilima. Kwa kawaida mgonjwa wa kwetu hubebwa na kijiji kizima kwa kupokezana, hakuna anayengoja kuitwa. Siku ile tuliita, na watu walitoka, wakaona, wakarudi ndani. Milango ilifungwa mbele yetu mmoja baada ya mwingine, tukasikia makomeo. Klaudia alisimama kwenye ukingo wa shamba lake, shuka mdomoni, akilia, lakini hakusogea. Simlaumu. Kwa hiyo tulibeba watatu: Nathanieli mbele peke yake, mimi na Mama nyuma, kila mmoja na mti wake. Mkono ule wa kulia wa Mama ndio uliobeba. Njiani alinieleza yote kwa maneno mafupi mafupi, akihema, bila kunitazama, na nikajua kwa nini alikuwa ananifinya.  Nilihesabu: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Zilibaki mbili.

Kila tulipotua, Mama alimdondoshea Kokubanza maji yaliyochemshwa kwa ncha ya kitambaa. Mara moja Kokubanza alifumbua macho akamwona.

"Muka Kagaruki," akanong'ona. "Walisema unatafuta kijiko. Umekipata?"

Mama alichovya kitambaa tena. Nathanieli ndiye aliyesema, "Nyamaza, mke wangu, tunakaribia."

Zahanati ilikuwa na hema la turubai uani na kamba imezungushwa. Muhidini alikuwa pale, macho mekundu kwa kutolala. Alimpokea Kokubanza, akamwekea maji ya mshipa, ikabaki chupa moja tu. Kisha akatuuliza mgonjwa alikula nini. Mama akamwambia mbele ya muuguzi na mbele ya watu wote waliokuwa nje ya kamba. Alisema ile askrimu, mtungi wa Klaudia, kijito. Akataja majina ya wanakwaya wote na nyumba wanazokaa. Akasema pia kwamba alimdanganya balozi.

Muhidini aliandika. Alipomaliza alisema, "Ungeniambia Jumatatu."

"Niliogopa."

"Kila mtu anaogopa, mama. Mimi naogopa. Ungeniambia Jumatatu."

Hakumkaripia zaidi ya hapo. Aliniweka mimi na Mama ndani ya chumba kimoja cha ghala la zahanati, tusitoke mpaka Ijumaa ipite. Wanakwaya wengine walifuatwa na kupewa dawa nyumbani. Nilikaa kwenye gunia tupu nikimtazama Mama, na Mama akinitazama, na kupitia mbao tulisikia hema. Kulikuwa na mgonjwa mwingine kutoka kambini, mvuvi, aliyekuwa akiita jina la mtu. Alhamisi mchana aliacha kuita. Tulisikia wanaume wakichimba nyuma ya zahanati. Mama aliniziba masikio kwa viganja vyake, mimi msichana wa miaka kumi na sita, akanikumbatia kichwa mpaka sauti ya jembe ikaisha.

Niliumwa tumbo Alhamisi hiyo. Nilimwambia. Alikwenda mlangoni akapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwa mtu, na Muhidini akaja mbio. Ilikuwa njaa na hofu tu. Nilipewa uji, nikapona.

Ijumaa ikapita. Hakuna mwanakwaya mwingine aliyeugua. Mama hakuugua. Kokubanza alikaa ndani ya hema siku sita, na siku ya nne aliomba chakula. Mtoto tumboni aliendelea kucheza. Muuguzi aliuweka mkono wa Nathanieli pale amsikie.

Baadaye ilijulikana kwamba Kokubanza, Jumamosi kabla ya sherehe, alikuwa ameshuka kambini kununua dagaa, na kwamba alikunywa maji huko. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia Muhidini. Muhidini akaja kumwambia Mama, akidhani anamletea nafuu.

"Basi inawezekana si wewe," alisema. "Kumi walikula kama yeye na hawakuugua."

"Inawezekana," Mama akasema. "Na inawezekana ni mimi."

Hakuna aliyeweza kumtoa hapo, hata Baba alipofunguliwa njia na kurudi. Kijijini hakuna aliyechoma nyumba yetu. Lakini kulikuwa na nyumba ambazo tangu siku ile, akitoa kahawa ya kutafuna kwa mkono wake, watu waliipokea na kuishika tu mpaka aondoke. Aliliona hilo. Mashine aliiosha, akaikausha juani, akaipandisha darini. Sikumsikia akiizungumzia kwa miaka saba. Alichemsha maji ya kunywa, ya kuogea, hata ya kusukutua, mpaka Baba akalalamika kuhusu kuni. Nyumbani kwa Nathanieli hakwenda. Walipokutana njiani Nathanieli aliitikia salamu na kupita.

Mwezi wa kumi, wiki chache kabla ya vita na Amin kuanza na watu wa kaskazini kuanza kushuka kwetu na magodoro vichwani, Kokubanza alijifungua mtoto wa kike. Wanawake wote wa kijiji walikwenda kumwona. Mama alipika ndizi, akazifunga vizuri kwenye majani, akaniambia nizipeleke mimi.

"Twende wote," nikamwambia.

"Watafikiri nimeweka nini."

"Maawe, twende."

Tulikwenda. Alisimama nje, hatua kumi kutoka mlangoni, akishika kile chakula mbele yake. Wanawake waliokuwa ndani waligeuka wakamtazama. Nathanieli alitoka. Alimtazama, na Mama akainamisha kichwa.

Nathanieli alirudi ndani, akatoka na kigoda alichokuwa amekichonga mwenyewe, kipya. Nilidhani atakiweka uani, pale wanapoketi wageni wasioaminika. Alikisimamisha kizingitini, akafikiri kidogo, akakirudisha ndani karibu na kitanda.

"Ingia uketi, Muka Kagaruki," akasema. "Chakula kitapoa."

Mama aliingia. Kokubanza alifungua majani yale, akamega ndizi kwa vidole, akala mbele ya wanawake wote, bila kungoja mtu aonje kwanza. Kisha akamnyanyua mtoto na kumwelekezea.

"Mikono yangu ni baridi," Mama akasema.

"Mshike tu."

Akamshika. Alimshika kwa mikono yote miwili, imara mno, kama mtu aliyepewa kitu katikati ya mto wenye maji mengi, na hakumtazama mtoto usoni mpaka muda mrefu ulipopita.